Kliniki ya Kifafa ya Mahenge, Tangu 1960

Anayetoka Ifakara kwenda Mahenge huyaacha nyuma mashamba ya mpunga, huvuka mto Kilombero, hupita Lupiro, kisha barabara huanza kupanda milima. Leo mto unavukwa kwa daraja la mita 384 lililofunguliwa rasmi mwaka 2018. Kabla yake palikuwa na kivuko, na mto ulipojaa, Ulanga nzima ilibaki ng'ambo pamoja na chumvi yake, barua zake na dawa zake. Hilo la dawa nalitaja mapema kwa makusudi. Historia ninayoisimulia hapa ni ya dawa zilizofika na zilizochelewa, na ya waliozingoja.

Huko juu, katika misheni ya Kwiro iliyo jirani na mji wa Mahenge, mwaka 1960 ilianzishwa kliniki ya wenye kifafa. Ilikuwa kliniki ya wagonjwa wa nje tu. Watu walikuja kwa miguu, waliulizwa maswali, waliangaliwa, walipewa vidonge, wakarudi makwao. Kwa ukubwa haikuwa kitu. Lakini katika majarida ya madaktari wa ubongo duniani jina la Mahenge limeandikwa mara nyingi kuliko la miji mingi mikubwa ya Afrika Mashariki, na chanzo chake ni kliniki hiyo.

Mtaalamu wa Ulaya atashangaa kuona kifafa kinahesabiwa ndani ya afya ya akili. Kwetu hakuna wa kushangaa. Mtanzania anayeanguka kifafa huandikiwa kliniki ya akili, muuguzi anayemhudumia ndiye huyohuyo anayemhudumia anayesikia sauti zisizokuwepo, na dawa zao hukaa kabati moja. Wako wanaoona huo ni upungufu wa wataalamu tu, na kweli wataalamu ni wachache. Lakini mgonjwa wa Mahenge hakuwa na ugonjwa wa neva peke yake. Alikuwa na hofu, alikuwa na huzuni ya kutengwa, wengine walichanganyikiwa kabisa baada ya miaka ya kuanguka, na alikuwa na ndugu walioogopa kumgusa. Ubongo utatibiwaje peke yake, huyo mtu mwingine aliyebaki akaachiwa nani?

Wakati ule Ifakara na bonde lake vilikuwa ndani ya wilaya ya Ulanga, na makao makuu ya wilaya yalikuwa Mahenge. Kanisa ndilo lililoshika sehemu kubwa ya tiba: Wakapuchini kutoka Uswisi pamoja na masista wa Baldegg. Ifakara palikuwa na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambako daktari Karl Schöpf alijenga jina ambalo wazee wa bonde bado wanalitaja. Hapohapo, katikati ya miaka ya 1950, Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, alianzisha maabara ya utafiti ya taasisi ya tropiki ya mji wake. Mbegu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, jina inalolitumia tangu 2008. Maabara ilishughulika na mbu, kupe na ndorobo. Akili za watu hazikuwa kazi yake.

Taasisi ileile ya Basel ndiyo iliyomfundisha Louise Aall tiba ya magonjwa ya nchi za joto. Alizaliwa Norwe mwaka 1931, na alipofika Tanganyika mwaka 1959 alikuwa bado hajafikisha miaka thelathini. Hakuja kwa ajili ya kifafa. Alikuja kutibu malaria, vidonda, minyoo na kuzalisha, kazi ya daktari yeyote wa shamba. Baadaye aliandika kumbukumbu za miaka hiyo katika kitabu *Call Mama Doctor*, kilichotoka 1979, na jina la kitabu linatokana na lile ambalo wagonjwa walimwita.

Huko Kwiro aliona jambo ambalo hakulitarajia: watoto na vijana wenye makovu makubwa ya moto usoni, mikononi, miguuni. Walikuwa wameangukia mekoni. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba wengine waliungua wakati watu wazima wakiwa karibu. Wapogoro wa siku zile, kama makabila mengi ya nchi hii, waliamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate na povu la anayeanguka. Kwa hiyo aliyeanguka hakuguswa mpaka azinduke. Mgonjwa alikuwa na bakuli lake na mkeka wake, na mara nyingi kibanda chake. Shule hakwenda, posa haikuletwa. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukirudia katika koo zilezile, ukoo mzima ulitazamwa kwa jicho la pembeni.

Wasomaji vijana wasiharakishe kuwacheka mababu. Mtu anayeamini kuwa povu lile litampa yeye na wanawe ugonjwa usio na dawa, akarudi nyuma, amefanya alichofanya kila mmoja wetu mbele ya maradhi asiyoyajua. Tatizo lilikuwa hapo kwenye neno "usio na dawa". Dawa ilikuwepo. Ilikuwepo tangu 1912, pale daktari kijana wa Kijerumani, Alfred Hauptmann, alipogundua kwamba dawa ya usingizi iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Luminal inapunguza mianguko ya wenye kifafa. Ndiyo fenobabitoni. Ilichukua karibu miaka hamsini kupanda mlima wa Mahenge.

Inafaa kueleza dawa hii inavyofanya kazi, kwa sababu tabia yake ndiyo iliyoamua mengi katika historia ya kliniki. Ubongo una seli zinazosukuma na seli zinazozuia. Kifafa hutokea pale kundi la seli linaposukuma kwa pamoja bila kizuizi. Fenobabitoni huongeza nguvu ya ile kemikali ya kuzuia. Ni ya bei ndogo, haihitaji jokofu, na hutoka mwilini polepole sana, hivyo kidonge cha mara moja usiku hutosha. Kwa mkulima ambaye msimu wa mpunga hukaa dunguni wiki nzima akilinda shamba, dawa ya mara moja kwa siku ni neema. Ina maudhi: watu wazima huwapa usingizi na uzito wa fikra, na baadhi ya watoto huwafanya wakorofi. Lakini ubaya wake mkubwa ni mwingine. Ubongo ukishaizoea, ukaikosa ghafla, mianguko hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na inaweza kufuatana bila mgonjwa kuzinduka kati ya mmoja na mwingine. Hali hiyo huua. Maana yake ni kwamba anayemwanzishia mtu fenobabitoni amejifunga naye mkataba. Akimpa miezi sita kisha akakosa shehena, amemweka pabaya kuliko alivyomkuta.

Louise Aall alianza na wachache. Mianguko ilipopungua, habari ilisambaa, na waliofichwa wakaanza kutolewa majumbani. Hakuna hotuba ya afya ambayo ingefanya kazi hiyo. Jirani alimwona kijana aliyekuwa akianguka kila wiki sasa amemaliza mwezi, na amerudi kulima. Tiba ya jamii ilianzia hapo, kwa ushahidi wa macho. Halafu ikaja kazi ya maneno: kuwaeleza wazazi kwamba povu haliambukizi, kwamba mtoto aondolewe mekoni na alazwe ubavu, kwamba asikatishe dawa kwa sababu tu amejisikia nafuu. Siku ya kliniki iliwakutanisha watu ambao kila mmoja alikuwa peke yake kijijini kwake. Leo tungeita unasihi wa kikundi.

Kuhusu waganga, daktari yule alikuwa na busara ambayo wengi wa wakati wake hawakuwa nayo. Uchungu wa akili na wa mwili Ulanga ulikuwa na wenyewe kabla ya misheni. Wapogoro walikuwa na mbui, waganga wao, na kwa miaka mingi watu kutoka pande zote za bonde, na hata mbali zaidi, walikwenda Ihowanja kwa Bibi Kalembwana kunyolewa, mtuhumiwa wa uchawi na mwenye kutuhumu wakinyolewa pamoja ili ugomvi uishe. Ukiangalia bila dharau, huo ulikuwa mfumo wa kutibu hofu na chuki katika ukoo, na uliwafikia watu wengi kuliko kliniki yoyote. Mganga humwambia mgonjwa nani kamtenda. Kliniki humwambia ameze usiku. Wagonjwa wa Mahenge walikwenda kote kuwili. Louise Aall, ambaye baadaye alisomea magonjwa ya akili, akaolewa na daktari wa akili Wolfgang Jilek na kufundisha Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake pamoja na mumewe kuchunguza tiba za jadi za mataifa mbalimbali. Somo la kwanza alilipata Ulanga.

Hakukaa muda mrefu. Kongo ilipowaka moto baada ya uhuru wake mwaka 1960, alikwenda kuhudumia huko, na mwaka 1961 akafanya kazi Lambaréné, Gaboni, na Albert Schweitzer. Alirudi Mahenge mara kadhaa katika miaka iliyofuata, lakini kliniki haikuweza kumngojea. Waliobaki nayo ni wauguzi wa misheni, na kwa bahati mbaya historia hizi huandikwa kwa majina ya madaktari. Aliyejaza daftari kila mwezi, akahesabu vidonge, akamfuata mgonjwa ambaye hakutokea, jina lake halimo kwenye jarida lolote.

Nje ya Mahenge hali ilikuwaje? Mwenye ugonjwa mkubwa wa akili alikuwa na Mirembe, Dodoma, hospitali iliyokuwepo tangu 1927, au Lutindi kule milima ya Usambara, iliyoanzishwa na wamisheni wa Kijerumani. Kumfikisha Mirembe mtu aliyechafukwa akili kutoka Ulanga, kwa kivuko, kwa basi, pengine amefungwa kamba na polisi pembeni, ni safari ambayo familia nyingi ziliifanya mara moja zikaapa kutorudia. Dawa za kutuliza wazimu zilikuwa zimeshavumbuliwa. Kloropromazini, ambayo wauguzi wetu huiita kwa herufi zake tatu, CPZ, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Kilichokosekana ni kuisogeza hadi zahanati.

Jaribio la kuisogeza lilikuja miaka ya 1980. Serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya akili, na mikoa miwili ikachaguliwa kuwa ya majaribio: Kilimanjaro na Morogoro. Kilombero na Ulanga zikiwa ndani ya Morogoro, bonde letu likawa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako tabibu wa kawaida na muuguzi wa kawaida walifundishwa kutambua wazimu, sonona na kifafa, na kuvitibu bila kumpeleka mtu Dodoma. Wazo lilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Lakini uchumi wa miaka ile, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta, tunaujua sote tuliopanga foleni ya sukari. Mafunzo yalifika, dawa zilikuja kwa vipindi.

Matokeo ya vipindi hivyo yaliandikwa Mahenge kwa namna ambayo sijui mahali pengine Afrika palipofanya hivyo. Louise Jilek-Aall na daktari wa Kitanzania, Henry Rwiza, waliwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile ya mwanzo, miaka thelathini baadaye. Ripoti yao ilitoka 1992. Karibu theluthi mbili walikuwa wamefariki. Miaka thelathini ni mingi, na katika kundi lolote wangekuwapo waliokufa kwa maradhi mengine au kwa uzee. Lakini zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe: mianguko isiyokoma, kuungua, kuzama majini. Katika nchi ya mito kama Ulanga, kwenda kuchota maji peke yako ukiwa na kifafa kisichotibiwa ni hatari ya kila siku.

Nimeisoma ripoti hiyo kama mashtaka, ingawa imeandikwa kwa lugha ya upole ya kitabibu. Ilionyesha kwamba dawa nafuu kuliko zote ilikuwa inaweza kutuliza kifafa cha mwanakijiji. Ilionyesha pia kwamba kuanzisha tiba ni kazi rahisi mno ukilinganisha na kuidumisha.

Mwaka huohuo Rwiza alitoa na wenzake, wakiwamo Gad Kilonzo na William Matuja, hesabu ya nyumba kwa nyumba katika vijiji 11 vya Ulanga. Walikuta watu 10.2 wenye kifafa kinachoendelea kwa kila watu 1,000. Wastani huo peke yake si wa kutisha sana, kwani Shirika la Afya Duniani hukadiria 4 hadi 10 kwa dunia kwa ujumla. Cha kutisha ni tofauti kati ya kijiji na kijiji: vipo vilivyokuwa na 5, na kipo kilichokuwa na 37. Ugonjwa wa bahati mbaya hausambai hivyo. Palikuwa na kitu katika vijiji fulani.

Kitu hicho kilikuwa kimetoa dalili mapema. Tangu miaka ya 1960 kliniki ilikuwa ikiona watoto ambao, kabla ya kuanguka kifafa kamili, husinzia kwa kichwa mara kwa mara, shingo ikilegea na kidevu kikishuka kifuani, hasa wanapoanza kula. Wenyeji walisema amesinzia kichwa. Mwaka 2008 daktari wa Kijerumani Andrea Winkler na wenzake, Matuja akiwamo, walieleza wagonjwa 62 wa aina hiyo kutoka Mahenge. Muda mfupi baadaye ugonjwa huohuo uliposhambulia watoto wa Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, ulimwengu uliupokea kama jambo jipya, na mwaka 2012 mkutano wa kimataifa ukafanyika Kampala. Kwa kliniki ya Kwiro haukuwa mpya; ulikuwa na umri wa nusu karne.

Mshukiwa mkuu sasa ni usubi, ugonjwa wa minyoo inayosambazwa na inzi mdogo mweusi wa kando ya mito iendayo kasi, ambao wengi wetu tunaujua kwa upofu na muwasho wa ngozi. Milima ya Mahenge ina mito hiyo tele. Ivermektini, dawa ya usubi, imekuwa ikigawiwa vijijini tangu 1997. Hata hivyo uchunguzi uliotolewa 2018, ukiongozwa na Bruno Mmbando, ulikuta kifafa kwa asilimia 3.5 ya watu katika vijiji viwili vya ndani, na asilimia 1.5 katika sehemu mbili za karibu na mji. Miaka ishirini ya kugawa dawa ilikuwa imepita. Jinsi mnyoo unavyoudhuru ubongo bado haijafafanuliwa hadi mwisho, lakini jambo la kiutendaji liko wazi: anayemeza dawa ya usubi kikamilifu kila mzunguko anamkinga mwanawe na zaidi ya upofu.

Hapa bonde na mlima hukutana tena. Ifakara, katika mradi wa vyandarua uliofanyika Kilombero na Ulanga miaka ya 1990, ilionyeshwa kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Watu waliuhesabu ushindi huo kwa makaburi yaliyopungua. Wachache walikumbuka kwamba malaria ya ubongo huacha nyuma watoto walionusurika wakiwa na kifafa, hivyo chandarua nacho ni tiba ya akili inayotangulia ugonjwa.

Leo Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ina wauguzi wa akili katika hospitali za wilaya, na fenobabitoni, kloropromazini na haloperidoli zimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu. Watu wanaozungumza juu ya afya ya akili wameongezeka, na sonona sasa hutajwa redioni bila aibu. Nafurahi. Lakini nikisikiliza mijadala ya mjini kuhusu kipi bora, dawa au mazungumzo, nawaza Mahenge, ambako kimoja hakikuwahi kufanya kazi bila kingine, na ambako vyote viwili vilisimama siku kabati lilipokuwa tupu.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri za Ulanga, Mlimba (zamani Kilombero), Malinyi na Mji wa Ifakara ni dogo na linahesabika. Mfamasia wa wilaya aandike kila mwezi idadi ya siku ambazo zahanati ilikosa fenobabitoni, kama anavyoandika siku za kukosa chanjo, na idadi hiyo isomwe mbele ya madiwani. Oda ya robo mwaka iende Bohari ya Dawa kabla masika hayajafunga barabara za vijijini.